Gesi Haiishi

Vua filta ya kiyoyozi kilichofanya kazi mwezi mzima kwenye chumba cha kulala, katika mji wa pwani, wakati wa kaskazi, kisha iinue mbele ya dirisha. Wavu wa plastiki uliotoka dukani ukipitisha mwanga sasa umevaa ngozi ya kijivu, laini ukiigusa, nene kiasi kwamba jua la asubuhi linakwama humo. Ukipitisha ukucha juu yake unabaki mstari, na ndani ya mstari huo vitundu vya wavu vinaonekana tena, vidogo, vya mraba, kila kimoja mahali pake. Ngozi hiyo imefumwa na kila kilichopita chumbani: nyuzi za shuka na khanga, nywele zilizodondoka wakati wa kusukana, vumbi jekundu la barabara ya mtaa lililopanda na upepo wa mchana, chaki iliyokuja na sare ya mtoto, masizi ya jiko la mkaa la jirani, mabaki ya moshi wa udi wa siku ya Ijumaa. Vyote viliingia bila hodi, kimoja kimoja, bila uzito wala sauti. Haba na haba hujaza kibaba, walisema wahenga, na sisi tumezoea kuitumia methali hiyo tunapozungumzia akiba. Lakini kibaba hakichagui kinachokijaza. Uharibifu nao una haba zake, na una subira kutushinda.

Naitazama ngozi hiyo nikiwaza jinsi tunavyoishi na vitu vinavyotuhudumia. Mashine inaning'inia juu ya vichwa vyetu kila usiku. Tunaifahamu kwa rimoti, kwa namba inayong'aa gizani, kwa mlio wake mdogo inapowashwa. Wapo walioishi nayo miaka na miaka bila kujua kwamba kifuniko chake cha mbele hufunguka kwa mikono mitupu, bila bisibisi wala fundi, na kwamba nyuma yake filta imekaa ikingoja kuchomolewa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mtaka ubaridi naye sharti apande juu ya stuli. Azime umeme kwanza. Achomoe filta taratibu, asije akamwaga vumbi kitandani. Aipeleke bombani, aielekezee maji kutoka upande wa nyuma ili uchafu usukumwe kurudi ulikotoka, atie sabuni kidogo ikiwa moshi wa jikoni umeifanya inate, kisha aianike kivulini, kwa maana jua kali huipinda plastiki, na filta iliyopinda haikai tena mahali pake. Ikikauka kabisa, irudi. Ni kazi ya dakika chache, ya kufanywa kila baada ya wiki mbili wakati wa joto na vumbi, au mara moja kwa mwezi hewa inapokuwa safi. Malipo yake hayalingani na jasho lake: Wizara ya Nishati ya Marekani inasema kuondoa filta chafu na kuweka safi kunaweza kupunguza umeme unaoliwa na kiyoyozi kwa asilimia 5 hadi 15. Katika nyumba zetu, ambako uniti za LUKU huonekana kwa macho zikipungua kwenye mita, asilimia hizo ni mboga ya siku kadhaa.

Ili kuelewa kwa nini wavu mdogo namna hiyo una nguvu kubwa hivyo, ni lazima tukumbuke kwamba kiyoyozi hakitengenezi baridi. Kinafanya kazi ya hamali: kinabeba joto lililomo chumbani na kulitua upande wa pili wa ukuta. Ndani ya bomba la shaba, gesi iliyo katika hali ya kimiminika huchemka na kuwa mvuke, na katika kuchemka huko hunyonya joto la hewa ya chumba inayopulizwa juu yake. Kompresa iliyo nje huukandamiza mvuke huo mpaka uwe wa moto kuliko hewa ya barabarani, feni kubwa hupuliza, joto hutoka, mvuke hurudi kuwa kimiminika, na safari huanza upya. Hamali huyu hawezi kubeba asichofikishiwa. Filta ikiziba, hewa ya chumba haifiki kwenye koili, yaani lile bomba la shaba. Koili inazidi kupoa bila kupata joto la kunyonya, unyevu unaganda juu yake, na hapo ndipo nyumba inaposhuhudia jambo linalopinga akili: barafu imeota kwenye bomba, na watu kitandani wanatokwa na jasho. Mwenye chumba huchukua rimoti na kushusha namba hadi 16, akidhani anaongeza juhudi. Katika mashine ya kawaida namba hiyo haiongezi kasi ya kupoa. Inasogeza mbali tu mahali pa kupumzikia. Mashine iliyokuwa ifike 25 na kutulia sasa inakimbilia lengo ambalo, ikiwa imezibwa pumzi, haitalifikia usiku kucha.

Kisha kuna maji. Nyuma ya kila nyumba yenye kiyoyozi kuna kibomba chembamba kinachodondosha tone baada ya tone, na chini yake aghalabu pana ndoo, au kiraka cha majani kilichostawi peke yake katika uwanja mkavu. Maji hayo yalikuwa hewani. Ni pumzi ya bahari iliyoingia kwa madirisha jioni, ni mvuke wa sufuria, ni jasho letu, ni pumzi za watoto waliolala. Hewa ya pwani hubeba maji mengi yasiyoonekana, na inapogusa koili baridi hushindwa kuendelea kuyabeba. Usiku mmoja wa Februari chumba kimoja kinaweza kukaribia kujaza ndoo ya lita 10. Aliyetoka Dodoma akashukia Dar es Salaam anajua bila kuambiwa: nyuzi 32 za huku zina uzito ambao nyuzi 32 za kule hazina, kwa sababu huku jasho hukataa kukauka. Na ajabu ni kwamba mashine hii, mwanzoni kabisa, ilibuniwa kwa ajili ya unyevu huo huo, lakini haikubuniwa kwa ajili ya mwili wa mtu. Mwaka 1902, huko Brooklyn, New York, katika kiwanda cha uchapaji cha Sackett-Wilhelms, karatasi zilikuwa zikivimba na kusinyaa kwa unyevu, na rangi zilizochapwa moja baada ya nyingine zikawa hazikutani. Mhandisi Willis Carrier, kijana wa miaka 25, akachora mtambo wa kutuliza unyevu wa hewa ili karatasi ibaki na kipimo chake. Faraja ya watu ilikuja baadaye, ikipitia mlango uliofunguliwa kwa ajili ya karatasi.

Maji hufuata mkondo, na mkondo ukizibwa hayakati tamaa, hutafuta mwingine. Ndani ya kile kibomba huota ute mzito, vumbi lililoponyoka filta hujikusanya, mdudu hujenga, na siku moja maji yanarudi nyuma, yanajaa kwenye trei na kuanza kuteremka ukutani. Rangi ya ukuta inafura malengelenge, godoro linalowa upande mmoja, na chumba kinapata harufu ya uvundo ambayo watu huifukiza kwa ubani. Ubani haujawahi kuzibua bomba. Macho yangetosha: kuchungulia mara kwa mara kama matone yanatoka nje kama kawaida, kuhakikisha kibomba kinaelekea chini moja kwa moja na hakikupindwa na mtu aliyetundika kamba ya nguo, kumwita fundi aisafishe trei na kupuliza njia kabla ya msimu. Na yale maji ya kwenye ndoo ni mazuri kwa kudekia na kwa maua. Yasinywewe, maana yamepita juu ya metali na vumbi. Nyumba inayojua maji yake yanatoka wapi na yanaenda wapi imeshaijua nusu ya mashine yake.

Nusu nyingine iko nje, ukutani au juu ya paa, ambako hatuendi. Huko ndiko bahari inakodai haki yake. Ule upepo unaotuburudisha Msasani, Kigamboni au Nyali umebeba chembe za chumvi, na chumvi hiyo hukaa juu ya vibati vyembamba vya alumini vinavyozunguka bomba la shaba. Ikichanganyika na unyevu, metali hizo mbili zilizogusana huanza kulana, na alumini ndiyo inayoliwa. Ukiinama karibu na mashine iliyokaa miaka michache mbele ya bahari utauona unga mweupe kwenye kingo za vibati. Ukiugusa, kibati chenyewe kinavunjika na kukubakia kidoleni. Dawa yake ni maji baridi yasiyo na chumvi, yamwagwe kwa mpira wenye mkondo mpole, umeme ukiwa umezimwa. Neno hilo kuhusu chumvi lina maana yake, kwa sababu visima vingi vya karibu na pwani hutoa maji ya chumvichumvi, na mtu anaweza kuosha kwa bidii kila mwezi huku akizidi kuitia mashine yake sumu. Mkondo nao usiwe ule wa kuoshea magari. Nguvu yake hukunja vibati, na vikishakunjana hewa haipiti. Mashine iachiwe nafasi pande zote, isizungushiwe maboksi wala kufunikwa na turubai inapofanya kazi. Kuhusu vilivyomo ndani ya boksi lake, hasa kapasita, ambayo hushika umeme hata baada ya swichi kuzimwa, mwenye nyumba mwenye hekima huwaachia waliofundishwa. Kujua pa kukomea nako ni sehemu ya matunzo.

Na hapo nje, mbele ya feni kubwa inayopuliza, mtu husimama akasikia usoni joto lote lililotolewa chumbani. Halikupotea. Pita jioni katika kichochoro cha Kariakoo, katikati ya maghorofa ambayo kuta zake zimejaa mashine hizi toka chini hadi juu, utapita katika joto la vyumba vya watu. Muuza matunda aliyeketi hapo chini na meza yake analala nyumba yenye pangaboi, au isiyo na hata hilo, lakini mchana kutwa anavumilia joto la watu wengine juu ya lile la jua. Mahali pa kufunga mashine ya nje, basi, ni suala la ujirani kabla halijawa suala la ufundi: isipulizie dirisha la mwenzio, isiungurume kwenye kichwa cha kitanda chake. Na mashine chafu, inayofanya kazi muda mrefu zaidi ili kutoa ubaridi ule ule, inamwaga nje joto zaidi kuliko safi. Kuiosha ni kumpunguzia mtu wa chini mzigo asiouomba.

Sasa nifike kwenye mazungumzo ambayo katika nyumba nyingi hurudiwa kila mwaka, kaskazi inapoanza. Kijana ameshuka kwenye ngazi, anafuta mikono kwa kitambaa. "Mama, gesi imeisha," anasema. "Tukijaza tu itapoza." Mwenye nyumba, aliyekwisha kuyasikia maneno hayo, anauliza polepole: "Mwaka jana si ulijaza, mwanangu?" "Nilijaza mama, ila imeisha tena." "Imeisha, imekwenda wapi?" Swali la mama huyo lina elimu kuliko majibu mengi. Gesi ya kupikia huisha, kwa sababu inaungua jikoni na kugeuka moto. Gesi ya kiyoyozi haiunguzwi. Inazunguka katika bomba lililofungwa pande zote, ikichemka na kurudi, ikichemka na kurudi, na mashine iliyofungwa vizuri inaweza kumaliza maisha yake yote na gesi ile ile iliyotoka nayo kiwandani. Ikiwa imepungua, imetoka. Na ikiwa imetoka, kuna mahali ilipopitia. Huenda nati ya kiungo haikukazwa sawasawa siku ya kufungwa. Huenda bomba linasugua ukuta kila kompresa inapotetemeka. Huenda chumvi imekwisha kuitoboa koili. Mahali hapo mara nyingi hujitangaza penyewe, kwa kuwa mafuta ya kompresa husafiri pamoja na gesi: penye uvujaji hubaki doa la mafuta lililonasa vumbi. Povu la sabuni likipakwa hapo hufura na kupasuka, likafura tena. Fundi anayeijua kazi yake ataziba pale, atajaribu bomba kwa naitrojeni, atanyonya hewa na unyevu kwa pampu ya vakyumu, ndipo atakapoweka gesi kwa kuipima kwenye mizani, kwa uzito ulioandikwa ubavuni mwa mashine.

Na kweli imekwenda wapi? Imekwenda juu ya vichwa vyetu sote. Mwaka 1974 wanasayansi Mario Molina na Sherwood Rowland walionya kwamba klorini iliyomo katika gesi za kupozea za wakati ule inaweza kuila ozoni, ule utando wa mbali unaotukinga na mionzi mikali ya jua. Mwaka 1987 mataifa yakakubaliana Montreal kuanza kuzipunguza gesi hizo. Zilizochukua nafasi yake, kama R-410A, hazina klorini, lakini zina tabia nyingine: kilo 1 yake ikivujia angani hutia dunia joto sawa na zaidi ya tani 2 za kaboni dioksidi, kwa kipimo cha miaka 100. R-32, inayoonekana kwenye mashine nyingi mpya, ina takriban thuluthi ya nguvu hiyo. Ndiyo maana tarehe 15 Oktoba 2016 mataifa yalikutana tena, safari hii hapa kwetu Afrika Mashariki, Kigali, yakaongeza katika ule mkataba wa Montreal ahadi ya kuzipunguza gesi hizi hatua kwa hatua. Ilikadiriwa kwamba ahadi hiyo ikitimizwa inaweza kuiepushia dunia hadi nusu ya nyuzi moja ya ongezeko la joto ifikapo mwisho wa karne. Shirika la Kimataifa la Nishati lilihesabu mwaka 2018 kwamba dunia ilikuwa na viyoyozi bilioni 1.6, na kwamba kufikia 2050 vinaweza kuwa bilioni 5.6. Hebu tafakari nati moja isiyokazwa, kisha uizidishe kwa mabilioni. Joto tunalolikimbia chumbani linajengwa na ule upenyo ambao fundi hakuutafuta na mwenye nyumba hakuuliza.

Kuna wanaosema kwamba wazee wetu hawakuhitaji yote haya, na wana sehemu ya haki. Nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar na za Lamu zilijengwa kwa akili ya joto: kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa zinazochelewa kupata moto, dari za juu, ua wa ndani unaovuta hewa, vichochoro vyembamba ambavyo kuta zake hupeana kivuli, baraza ambako upepo wa alasiri hukutana na watu. Yeyote anayejenga leo angefaa kujifunza huko kabla ya kununua mashine, maana mti wa mwarobaini upande wa magharibi na dirisha lililokaa njia ya upepo ni vitu visivyokatika umeme. Lakini wanaoukumbuka ubaridi huo husahau kazi iliyokuwa nyuma yake. Chokaa ilipakwa upya na kupakwa upya. Makuti yaliezuliwa na kuezekwa. Boriti za mikoko zilichunguzwa mchwa na unyevu, na ufa mdogo juu ya paa ulizibwa kabla ya masika, kwa sababu jiwe la matumbawe likinyweshwa mvua muda mrefu huachia. Beit al-Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883 na kuwa miongoni mwa majengo ya kwanza Zanzibar kuwashwa taa za umeme, ilikaa miaka mingi ikichakaa mbele ya macho ya mji mzima. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake ya mbele iliporomoka, na watu wakapoteza maisha. Kwa hiyo tofauti kati ya enzi ile na hii si kwamba wao walipata ubaridi wa bure. Ubaridi wa bure haujawahi kuwapo pwani hii. Ukuta nao uliomba matunzo yake, na ulipoyakosa ulianguka.

Hapo ndipo mashine ndogo ya chumbani inaponifikisha kwenye jambo kubwa. Sisi ni watu wa kuzindua. Tunajua kununua, tunajua kufungua boksi, tunajua kupiga picha siku ya kwanza. Kisima cha kijiji hukatiwa utepe mbele ya wageni, na pampu yake ikianza kuvuja hakuna mgeni anayealikwa. Na kitu kikipungua, jibu letu la kwanza ni kujaza. Maji ya mtaa yakipungua tunataka chanzo kipya huku bomba la zamani likimwaga njiani. Mapenzi yakipoa ndani ya nyumba tunaleta zawadi, na lile neno lililosemwa miaka iliyopita, ambalo ndilo linalovujisha kila kitu, tunalipita kando. Fedha za chama zikipungua tunaongeza mchango bila kufungua daftari. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na methali hiyo tunaijua hata usingizini. Lakini anayejaza pasipo kuziba amefanya baya zaidi kuliko aliyekaa kimya, kwa sababu kujaza kunatuliza. Chumba kinapoa kwa miezi kadhaa, moyo unapoa nacho, na ufa unapewa mwaka mwingine wa kupanuka.

Wala nisimtwike kijana wa ngazi lawama zote. Yeye amejifunza soko linavyolipa. Akitaja gesi, mwenye nyumba anatoa fedha, kwa sababu gesi ni kitu, kina mtungi, kina bei. Akisema anahitaji nusu siku ya kutafuta panapovuja, anaulizwa atalipwa kwa lipi, maana mwisho wa kutafuta hakuna kilichoongezeka. Matunzo yote yana msiba huo: yakifanikiwa, hakuna kinachotokea. Mashine haikuharibika, ukuta haukulowa, mtoto hakuamka, na hakuna anayesimama mbele ya jambo lisilotokea akalishukuru. Dada wa kazi aliyeosha filta Jumamosi hatajwi na mtu Jumapili, ingawa nyumba nzima imelala kwa mikono yake. Vijana waliosomea ufundi wa majokofu na viyoyozi katika vyuo vya VETA walifundishwa kunyonya hewa kwa pampu na kupima gesi kwa mizani. Wengi huziacha zana hizo kwa sababu mteja huhesabu dakika na kubishania bei. Tukimlipa fundi kwa kujaza tu, atajaza. Tukimlipa kwa kuziba, ataziba, na atawafundisha wanafunzi wake kuziba.

Kaskazi itarudi, kama inavyorudi kila mwaka, na ndugu msomaji utakihitaji chumba chako. Usiingoje ikukute. Mwite fundi wakati wa kusi, joto likiwa limepungua na yeye akiwa na nafasi ya kufanya kazi bila haraka. Aoshe koili, azibue kibomba cha maji, akague viungo na nyaya. Kazi ya filta ibaki yako na ya watoto wako, wajifunze mapema kwamba raha ina mikono inayoishikilia. Weka namba ya rimoti pale mwili unaporidhika, 25 au 26, na acha pangaboi lisaidie. Umeme ukikatika na kurudi, ipe mashine dakika chache kabla ya kuiwasha. Na siku fundi atakaposhuka kwenye ngazi na kukuambia gesi imeisha, usimgombeze wala usikubali upesi. Mpe kiti, mpe maji ya kunywa, mwambie utamlipa muda wa kutafuta, kisha umwombe akuoneshe panapovuja kabla hajafungua mtungi.